"Hiyo ni X ngapi?" Kabla hujanunua lenzi moja ya kazi zote

Ukikaa na kamera jukwaani Mkwakwani, uwanja wetu wa mpira hapa Tanga, swali la kwanza utakaloulizwa halihusu mpira. Ni "Hiyo ni X ngapi?" Siku moja Coastal Union wanacheza, kijana aliyeketi ngazi moja chini yangu aligeuka, akanisalimu vizuri, "Shikamoo mjomba," kisha akauliza hilohilo. Nilipomwambia lenzi yangu ninaihesabu kwa milimita, alinitazama kama mtu aliyeuliza bei ya samaki akajibiwa urefu wa wavu.

Hakukosea kuuliza. Matangazo ya simu yametuzoesha X: X10, X30, X100. Wauzaji wa kamera nao wakalidaka neno. Sasa mtu mwenye kamera yake ya kwanza, na ile lenzi fupi iliyokuja nayo ndani ya boksi, anataka lenzi moja tu ya bei anayoimudu. Apige nayo harusi ya dada yake Ngamiani, mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, mechi ya Jumamosi na mtoto anayejifunza baiskeli, bila kutembea na begi la lenzi nne. Lenzi ya namna hiyo ipo, tena zipo nyingi. Zinauzwa kwa namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, na namba hiyo inakuficha mambo kuliko inavyokueleza.

Tuanze na maneno. Lenzi ya zumu ni ile ambayo ukizungusha pete yake, picha inapanuka au inasogea karibu. Upana huo unapimwa kwa milimita. Milimita chache, mfano 18, maana yake unaona eneo pana: sebule nzima, ukoo mzima kwenye mkeka. Milimita nyingi, mfano 200, maana yake unaona kipande chembamba kilicho mbali, kama unachungulia kwenye bomba. Lenzi ya kazi zote ni zumu inayoanzia kwenye upana wa sebule na kwenda hadi kwenye uchunguliaji wa bomba: 18-135, 18-200, 18-300. Wazo si geni. Tamron walitoa 28-200 yao ya kwanza mwaka 1992, enzi za filamu, na tangu hapo kila kampuni kubwa imetengeneza ya kwake.

Na X? X ni hesabu ya kugawanya, basi. Chukua namba kubwa, gawanya kwa ndogo. Lenzi ya 18-200 ni X11. Lenzi ya 70-300 ni X4 na ushee. Ukifuata X utadhani ya kwanza inavuta mbali zaidi, kumbe ya pili ndiyo inayovuta mbali, kwa kuwa mwisho wake ni 300. X inakwambia lenzi ina safari ndefu kiasi gani kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake. Haikwambii inaanzia wapi, wala inaishia wapi. Ni sawa na kumwambia mtu umesafiri kilomita 300 bila kumtajia ulikotoka.

X100 ya simu ni habari nyingine kabisa. Sehemu ndogo yake ni vioo vya kweli, na inayobaki ni simu kukata katikati ya picha na kuitanua. Aliyewahi kusukuma chapati anajua: donge ni lilelile. Ukilisukuma, chapati inakuwa pana lakini inakuwa nyembamba, na ukizidi inatoboka. Programu za simu siku hizi ni hodari wa kuziba matundu hayo kwa kukisia, lakini makisio ni makisio. Lenzi ya zumu ya kamera haitanui picha iliyokwisha pigwa. Inasogeza vioo vyake ndani, na kamera inapokea picha mpya iliyojaa.

Turudi Mkwakwani tupige hesabu kidogo. Tuseme mchezaji yuko mita 50 kutoka ulipoketi, na kamera yako ina sensa ya ukubwa wa APS-C, ambayo ndiyo iliyo kwenye kamera nyingi za bei ya kawaida. Sensa ni kile kibamba kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani ilikaa filamu. Kwa milimita 55, mwisho wa lenzi ya kwenye boksi, picha yako itabeba eneo la mita 21 kwa 14. Mchezaji wa kimo cha kawaida atachukua sehemu moja ya nane ya urefu wa picha, mfano wa kijiti cha kiberiti kwenye majani. Kwa 135, atachukua karibu theluthi. Kwa 200, karibu nusu. Kwa 300, theluthi mbili. Tazama hapo: hatua kubwa ni ile ya kutoka 55 kwenda 135. Baada ya hapo unaongeza, ndiyo, lakini kila nyongeza inauma mfuko zaidi na faida yake inapungua.

Upande wa pili wa lenzi, ule mpana, hakuna anayeuuliza, na kwa maoni yangu ndio wenye kazi nyingi. Nyumba zetu si viwanja vya mpira. Ukisimama mita nne kutoka kwa watu walioketi ukutani, lenzi ya 18 itakupa upana wa mita tano na kidogo, na familia inaenea. Lenzi inayoanzia 28 itakupa mita tatu na theluthi, kwa hiyo shangazi wa pembeni atakatwa bega, na utakuwa umeegemea ukuta, huna pa kurudi nyuma. Mtego huu umenasa wengi. Lenzi kama 28-200 zimetengenezwa kwa kamera zenye sensa kubwa, zile za ukubwa wa filamu ya zamani, na huko 28 ni pana ya kutosha. Ukiifunga kwenye kamera ya sensa ndogo, inakubali vizuri tu, ila upana umeupoteza.

Kwa nini? Lenzi inamwaga duara la mwanga ndani ya kamera. Sensa ndogo ni mkeka mdogo uliotandikwa katikati ya duara hilo, unapokea cha katikati tu. Ndiyo maana utasikia watu wakizidisha kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon, wakisema "200 yangu ni kama 300". Lenzi haijabadilika hata unywele. Mkeka ndio mdogo. Na kuzidisha huko kunafanyika ncha zote mbili: unapofurahia kuvuta mbali, kumbuka umelipia kwa kupoteza upana.

Sasa mwanga. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo lenzi za kazi zote zinapodai malipo yao.

Kwenye ukingo wa lenzi utaona maandishi kama 1:3.5-6.3. Hiyo ni habari ya tundu ambalo mwanga unapitia. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu namba kubwa ni tundu dogo. Fikiria mkate wa kumimina. Ukigawiwa watu wanne, kila mmoja anapata kipande cha kueleweka. Ukigawiwa watu kumi na sita, unapewa cha kuonjea. Namba ya lenzi ni idadi ya wagawanaji: milimita za lenzi zikigawanywa kwa 3.5 zinatoa tundu pana, zikigawanywa kwa 6.3 zinatoa jembamba. Na lenzi hizi zina namba mbili kwa sababu kadiri unavyovuta mbali ndivyo mgawo unavyopungua. Kutoka 3.5 hadi 6.3, mwanga unaoingia unashuka hadi chini ya theluthi.

Si ulafi wa watengenezaji. Lenzi ya milimita 300 yenye namba 2.8 mwisho mzima inahitaji kioo cha mbele chenye upana wa zaidi ya sentimita 10. Hizo ndizo bomba kubwa unazoziona pembeni ya uwanja kwenye mechi za kimataifa. Nyingi zina uzito wa zaidi ya kilo 2, na bei yake usiulize ukiwa umesimama. Ili lenzi iingie kwenye begi dogo, iwe chini ya gramu 700 na mtu wa kawaida aweze kuinunua, kuna kitu lazima kikatwe, nacho ni mwanga.

Kwa kazi ya mchana wa Tanga hutahisi. Jua letu linatosha na kubaki. Ukipiga watu na baiskeli zao barabarani saa nne asubuhi, au mashua zikirudi na samaki, 6.3 haina neno. Shida inaanza jioni. Mechi inaanza saa kumi, kipindi cha pili kinapokaribia mwisho kivuli cha jukwaa kimeshakula nusu ya uwanja, na wewe umevuta hadi 300, yaani uko kwenye tundu lako dogo kuliko yote. Kamera inabaki na njia mbili. Ama iache mlango wake wa mwanga wazi kwa muda mrefu zaidi, mchezaji atoke kama moshi, ama ipandishe ISO, yaani iukuze ule mwanga mdogo ilioupata. Kupandisha ISO ni kama kuongeza sauti kwenye redio yenye mawimbi dhaifu: mtangazaji utamsikia, na mkwaruzo utausikia pia.

Ukumbini ndiko kubaya zaidi. Taa za rangi, bibi harusi anaingia taratibu, kina mama wanatunza, kila kitu kinacheza. Kwa lenzi ya kazi zote pekee bila flashi, nakushauri usijipe kazi hiyo kwa malipo. Sisemi lenzi mbaya. Nasema si kazi yake. Baiskeli ya mjini kwetu inabeba mtoto, mkaa, ndoo ya dagaa na mkeka kwa safari moja, lakini hakuna anayeipeleka kwenye mashindano ya mbio.

"Lakini hii ina kizuia mtikisiko," ataniambia mtu. Ndiyo, na utakiona kimeandikwa IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OSS kwa Sony, VC kwa Tamron, OS kwa Sigma. Ni kitu kizuri, mimi nisingenunua lenzi ndefu isiyokuwa nacho, labda kamera yenyewe iwe na kizuizi chake ndani. Ila ujue kinazuia mtikisiko wa nani. Kinazuia wa mkono wako. Mlango wa msikiti wa kale Tongoni wakati wa magharibi utatoka safi kwa sababu mlango hausogei. Mshambuliaji anayekimbia hajali kama mkono wako umetulia. Yeye anahitaji kamera ifunge haraka, sehemu moja ya 500 ya sekunde au chini ya hapo, na hiyo inadai mwanga. Tumerudi kulekule.

Kuna dawa, tena si ghali: lenzi ndogo ya pili isiyo na zumu. Canon wana 50mm ya 1.8 yenye uzito wa gramu 160 tu, Nikon wana 35mm ya 1.8 kwa kamera za sensa ndogo. Namba 1.8 ikilinganishwa na 5.6 inaingiza mwanga karibu mara kumi. Najua umekuja kutafuta lenzi moja. Lakini ukiniuliza, kuliko kutumia pesa yote kufuata 18-300, nunua 18-135 iliyotumika, na kinachobaki kiweke kwenye hiyo ndogo ya usiku. Inaingia mfuko wa shati, karibu.

Watu wa mitandaoni watakwambia pia lenzi hizi "si kali", yaani picha zake hazitoki wazi kabisa. Kuna ukweli, umetiwa chumvi. Lenzi inayoanzia 18 hadi 300 inawalazimisha wahandisi wasuluhishe kwenye vioo vilevile mambo yanayogombana, kwa hiyo pembe za picha zinalegea kidogo, hasa ncha ya mbali. Ukifunga tundu hadi 8 na usivute hadi mwisho kabisa, tofauti hiyo kwenye picha ya simu au ya ukutani hutaitambua. Mistari kupinda kwa upana wa 18 kamera nyingi mpya zinairekebisha zenyewe. Jambo moja ambalo halitangazwi: lenzi nyingi za namna hii, ukipiga kitu cha karibu, mita mbili au tatu, 300 yake haivuti kama 300 halisi. Mpiga ndege wa bustanini atalihisi.

Na kuna ukungu mwingine ambao si wa lenzi. Simama Raskazone saa saba mchana, vuta kisiwa cha Toten au meli iliyotia nanga hadi mwisho wa zumu. Picha itatoka imetetemeka kama imepigwa kupitia mvuke wa sufuria. Utalaumu lenzi, utataka kubwa zaidi. Hewa ya moto juu ya maji na mchanga ndiyo inayocheza, na lenzi kubwa zaidi itaukuza mchezo huo. Rudi kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Basi ununue ipi? Kabla ya kuingia dukani, fungua picha zako za mwaka mzima kwenye kompyuta. Kila picha ya kamera imehifadhi milimita ilizopigwa nazo, utaziona kwenye maelezo yake. Mimi nilipofanya hivyo niliona aibu: miaka yote nilikuwa naota 300, na picha nilizozipenda karibu zote ziko chini ya 60. Ukiona picha zako nyingi zimeganda kwenye 55, yaani uligota ukutani ukatamani kuendelea, ndipo una sababu ya kununua lenzi ndefu.

Kwa kamera za sensa ndogo, naanzia kwenye Canon 18-135 au Nikon 18-140. Zote zina uzito wa karibu nusu kilo, mgawo wao wa mwanga unaishia 5.6, na zimeuzwa pamoja na kamera nyingi kiasi kwamba zilizotumika hazikosekani. Mwenye haja ya mbali na mfuko mwepesi kuna Tamron 18-200 yenye VC, gramu 400. Imejaa plastiki, na ubora wake ni wa kawaida tu, lakini shingo haitauma. Kamera za Sony na Fujifilm zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) zina Tamron 18-300 ya mwaka 2021, gramu 620, nzuri kuliko nilivyotarajia, ila hiyo bei yake ni ya kukaa kikao na familia. Wenye sensa kubwa watazame 24-105 na 24-200 kabla ya kitu kingine.

Hakikisha lenzi inafungika kwenye kamera yako, na ikifungika, inafanya kazi. Tamron ileile inatengenezwa ya Canon na ya Nikon, na haziazimani. Canon mpya, zenye mdomo wa lenzi uitwao RF, hazipokei lenzi za EF, zile za Canon za zamani, bila adapta. Kamera ndogo za Nikon, familia ya D3000 na D5000, hazina ndani mota ya fokasi, yaani ya kulenga picha itoke wazi, kwa hiyo lenzi ya zamani ya Nikon iliyoandikwa AF tu, bila S, itakaa vizuri na utazungusha fokasi kwa mkono maisha yako yote.

Na kwa sisi wa pwani, ukaguzi mmoja unazidi yote haya. Vua lenzi kwenye kamera, fungua tundu, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo lisikutishe. Lenzi hizi zinarefuka na kufupika kama kinanda cha mkono, zinavuta hewa na vumbi lake, na punje chache hazionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyeupe, nyembamba, zilizotawanyika kama mizizi ya mche au utando wa buibui. Hiyo ni fangasi. Unyevunyevu wetu unailea vizuri, ikikaa inakula utando wa kioo, na kuisafisha ndani ya zumu yenye vioo zaidi ya kumi kunaweza kuzidi bei ya lenzi. Mwuzaji akisema "hiyo inafutika", mwambie aifute kwanza, utarudi.

Ukishaipata, usiilaze kabatini ndani ya mfuko wa ngozi, maana ngozi inashika unyevu na fangasi inaipenda. Chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya viatu kinatosha, ukivikausha vipakiti kwa joto mara kwa mara. Mchele usiutumie, una vumbi. Na ikiwezekana itoe, itumie, ipate hewa. Yangu inalala kwenye kontena la lita tano jikoni, juu ya rafu, na mke wangu ameandika kwa kalamu nene juu ya mfuniko, SI VITUMBUA, baada ya wageni wawili kulifungua.